Walitaka flash yangu, nikawanyima: nilivyotafuta mashine ya kupigia beat za injili mpaka siku ya jubilei

Wakuu, nawasalimu kutoka huku mlimani, Old Moshi, ambako leo ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, na mashahidi ni usharika mzima. Aliyekuja kutafuta chai za kutungwa humu, leo atakunywa maji.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi cherehani. Meza yangu iko Moshi mjini, upande wa Mawenzi. Asubuhi nashuka mjini, jioni napanda nyumbani kwa mama.

Na naimba injili. Nina nyimbo saba nilizorekodi studio moja hapo mjini. Naimba peke yangu, kwa beat.

Ndiyo, kwa beat. Wale wa "huo si uimbaji" nawaomba mkasirike sasa hivi mmalize, ili tuendelee vizuri.

Kwa wasiojua: studio inakupa mafaili mawili ya wimbo mmoja. La kwanza lina sauti yako ndani, hilo ni la kusikiliza. La pili lina vyombo vitupu, hilo ndilo unaloimbia live. Ukichezewa lile la kwanza halafu ukawa unafunguafungua mdomo, hiyo ndiyo playback. Mimi sijawahi kufanya playback. Kumbukeni hilo.

Sasa niende kwenye kisa.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kanisa limejaa, ndizi na mahindi yamepangwa mbele mpaka kwenye ngazi za madhabahu. Mimi nimewekwa kuimba baada ya mahubiri.

Fundi mitambo wetu anaitwa Godlisten. Jamaa wa rika langu, tumesoma wote shule ya msingi. Utaratibu wake ni mmoja: kila mwimbaji, hata kwaya, anampa flash, anaichomeka kwenye mixer, ile mashine ya kuongozea sauti, anacheza yeye. Nikampa yangu nikamwambia, "Wimbo wa tatu, usio na sauti."

Akaitika kwa kichwa bila kuniangalia.

Nikasimama mbele. Beat ikaanza. Nikavuta pumzi niingie ubeti wa kwanza, na kabla sijafungua mdomo nikajisikia naimba kwenye spika.

Wakuu, kuna aibu za aina nyingi. Hiyo ya kusikia sauti yako mwenyewe imekutangulia mbele ya watu mia kadhaa, sikuwahi kuifikiria.

Nikanyoosha mkono kumwonyesha Godlisten asimamishe. Kainamia simu yake. Nikajaribu kuimba juu ya sauti yangu ili nifunike, nikakosea, koo likakauka, nikakohoa. Mimi nakohoa na wimbo unaendelea vizuri kabisa, mpaka viitikio.

Kicheko kilianzia kwa vijana kule nyuma. Kikaja mpaka kwa akina mama, tena wale ninaowashonea.

Kufika Jumatatu clip ilikuwa imeshatembea kwenye magroup. Nikapewa jina: Mama Playback. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akaligeuza geuza, akaniuliza, "Hili umeshona mwenyewe au umebonyeza tu?"

Nilicheka naye. Nilipokaa peke yangu nililia.

Nilimfuata Godlisten. Akanijibu, "Dada, mimi nimecheza ulichoniletea."

Na hapa niwe mkweli, maana niliahidi ukweli. Mafaili yote mawili yalikuwa kwenye flash ile. Majina yanafanana, tofauti ni herufi moja mwishoni. Kosa langu lilikuwepo. Lakini mkono nilimnyooshea, na aliuona. Aliyekuwa amekaa karibu naye aliniambia kwamba Godlisten aliuona.

Haya. Ingeishia hapo ningemeza.

Haikuishia hapo. Usharika ulikuwa unajiandaa kwa jubilei yake, sherehe kubwa, wageni kutoka kila mtaa. Ratiba ikabandikwa kwenye mbao za matangazo. Chini wameandika: waimbaji binafsi wanaotumia CD hawatapewa nafasi.

CD ndivyo wazee wanavyoita beat, hata iwe kwenye flash. Hawakutaja jina langu. Hawakuhitaji. Waimbaji binafsi hapa kwetu tulikuwa watatu, na wawili walikuwa wameshajiunga na kwaya.

Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Urio, mzee wa kanisa, baba mdogo wake Godlisten. Nilimkuta kihambani kwake, shamba la nyumbani, anapogolea kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Najua kilichokuleta."

"Basi nisaidie, mzee."

Akaweka panga chini. "Watu walicheka kanisani. Siku ya jubilei sitaki watu wacheke. Njoo na bendi, nitakuweka wa kwanza."

"Bendi ipi mzee itapanda mpaka huku na magitaa yao, mvua hii, kwa ajili ya nyimbo mbili?"

Alijua nasema kweli.

"Tatizo lile halikuwa kuimba," nikamwambia. "Lilikuwa nani kashika kitufe. Nipe nafasi ya kujaribiwa. Nikichekwa tena, futa jina langu mpaka siku ya kuzikwa."

Akanitazama muda. "Jumamosi ya mazoezi ya mwisho. Wimbo mmoja."

Nikashuka mlima nikiwa na miezi miwili na hasira ya kutosha.

Sasa wakuu, sehemu hii ndiyo ya vifaa, wanaoimba kwa beat wasome taratibu.

Nilianza na simu. Kila mtu anaanza na simu. Nilialikwa sherehe ya kipaimara Tarakea, kule Rombo mpakani, nikaona ndiyo pa kujaribia. Nikachomeka simu yangu kwenye mixer yao kwa waya, nikabonyeza mwenyewe, nikaanza. Ubeti wa kwanza safi. Ubeti wa pili nimefumba macho, nimezama kabisa kwenye ibada, spika zikalia TING! kubwa kama kengele ya shule.

Simu ilikuwa imeshika mtandao wa Kenya. Ujumbe wa kunikaribisha nchi ya jirani.

Nikaendelea. Haikupita dakika, shangazi yangu akapiga. Beat ikakatika, mlio wa simu ukajaa uwanja mzima, watoto wakaanza kuucheza.

Najua mnataka kuandika "airplane mode". Tulieni. Niliweka, sherehe iliyofuata. Na ili niwe huru kutembea nikatumia bluetooth. Nilipoenda mpaka meza ya wazazi beat ikaanza kukatakata kama mtu mwenye kwikwi. Nikirudi inakaa sawa, nikienda inakata. Nimeimba wimbo mzima nimesimama kama nimefungwa kamba.

Nikahamia laptop. Niliazima ya binamu yangu. Kuiwasha tu MC anaongea mpaka hadithi zinamwishia. Betri imechoka, lazima iwe kwenye chaji. Na ikiwa kwenye chaji, spika zinatoa mlio mmoja mzito, mmmmmm, kama nyuki wamehamia ndani.

Ule mlio ndio ulionipeleka kwa Mzee Balbir.

Mzee Balbir ni Singasinga, fundi redio, kazaliwa Moshi hapahapa. Duka lake dogo ni la tangu enzi za baba yake, limejaa redio za watu waliosahau kuzifuata. Binti yake ni mteja wangu wa kushonewa, ndiye aliyenielekeza.

Nikamsalimia, nikaweka laptop mezani, nikamweleza kuanzia kwenye mavuno mpaka kwenye nyuki. Alisikiliza yote akiwa ameshika bisibisi.

"Wewe unataka hii kitu ifanye kazi ngapi?" akaniuliza.

"Moja tu mzee. Kucheza beat."

"Sasa mbona umeniletea kitu ya kazi mia? Simu ni ya kupiga. Laptop ni ya ofisi. Hizi zote zinakusaidia kwa hisani tu. Siku ya kazi yao ikifika, zinakuacha."

Akaingia ndani akarudi na kiboksi cheusi, kikubwa kidogo kuliko kitabu cha nyimbo. Kimetumika, pembeni kina mikwaruzo. Akaniambia kilikuwa cha mpiga muziki wa hotelini ambaye alishahama mji. Kazi yake ni kucheza mafaili ya muziki, basi. Hakina laini, hakina intaneti, kinatumia betri za kawaida za kununua dukani. Kina pedali ya mguu: ukikanyaga inaanza, ukikanyaga tena inasimama palepale.

Nyuma kina matundu mawili ya kupeleka sauti kwenye mixer. Na mbele kina tundu la earphone, lenye sauti yake ya kuongeza na kupunguza, halihusiani kabisa na kinachokwenda kwenye mixer.

"Hii ya mbele ndiyo muhimu," akasema, akagonga lile tundu na kidole. "Mixer ya kanisani iko mikononi mwa mtu mwingine. Hiyo huwezi kubadilisha. Lakini sikio lako, shika mwenyewe."

Akanipa na kiboksi kingine kidogo cha kupitishia waya kabla haujafika kwenye mixer, kinachokata ule mlio wa nyuki. Mafundi wanakiita DI. Wengi hapa kwetu hawana, na wengi wanalaumu umeme.

Nikataka kulipa niondoke. Akakataa. Akavuta spika moja ya zamani, akaunganisha, akasema, "Imba."

"Hapa dukani?"

"Kama huwezi kwangu, utaweza kwa wao?"

Basi nikaimba, wateja wa duka la rangi la jirani wamejaa mlangoni. Nikakosea pedali mara tatu. Ya nne nikapatia. Yule mzee aliniambia nirudi kila Jumatano, na nilirudi, wiki sita, baada ya kufunga meza. Akanifundisha kupanga nyimbo, kuzipa majina yasiyofanana, na kufuta kabisa yale mafaili yenye sauti. Hakuwa Mkristo na hakunihubiria chochote. Alikuwa anachukia tu kazi mbaya.

Nyumbani nilifanya mazoezi na earphone sikio moja. Mama yangu, ambaye hasikii beat, anamsikia tu binti yake anaimba jikoni huku anakanyaga sakafu, aliniuliza kama niko mzima.

Jumamosi ya mazoezi ikafika.

Naingia na boksi langu, Godlisten ananyoosha kiganja. "Lete flash."

"Sina flash. Nipe waya mbili."

"Hapa utaratibu ni flash."

"Utaratibu wa flash ndio ulionipa jina. Nipe waya mbili, Godlisten."

Tukatazamana. Kwaya nzima ikageuka kututazama. Mzee Urio akasema kutoka benchi la mbele, "Mpe."

Nikaimba. Katikati ya kiitikio nikakanyaga pedali, beat ikasimama, nikaendelea sauti tupu mistari minne. Nikakanyaga tena, vyombo vikaingia, nikamaliza navyo. Nilifanya makusudi, nisiwafiche. Nilitaka waone nani anaongoza na nani anaongozwa.

Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Kumbe huyu anaimba!"

Ningependa kuwaambia nilifurahi. Nilikasirika. Nimeimba kanisa lile tangu shule ya Jumapili.

Mzee Urio akaandika jina langu kwenye ratiba kwa kalamu yake mwenyewe.

Siku ya jubilei watu walikuwa wengi, wakakaa mpaka nje chini ya maturubai. Nimeshona gauni jipya, bluu. Nimeweka betri mpya. Nimeunganisha waya zangu mwenyewe mpaka kwenye mixer, Godlisten kakaa pale hanisemeshi.

Nikakanyaga pedali. Ubeti wa kwanza ukaenda. Kiitikio kikaenda, watu wakaanza kupiga makofi.

Naingia ubeti wa pili, spika zikafa.

Yaani beat ikatoweka kwenye spika, maiki yangu inaendelea kusikika. Nikajua papo hapo si umeme. Nikageuza macho kwenye mixer. Godlisten kaweka kidole kwenye slaidi ya waya zangu, ile ya kupandisha na kushusha sauti, kaishusha mpaka chini, na ananiangalia usoni. Safari hii hakuwa kwenye simu.

Wakuu, hapo mwimbaji wa beat huwa anakufa. Vyombo vikiondoka anapoteza kasi, anapoteza ufunguo wa sauti, anaanza kutazama huku na huku. Na ndicho alichokuwa anakisubiri.

Lakini sikioni mwangu, kwenye earphone, beat ilikuwa inatembea kama kawaida.

Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Ninyamaze nimnyooshee kidole mbele ya wageni wote, au niimbe.

Nikaimba. Sikuongeza kasi, sikupunguza. Nikapiga mguu chini kuwapa watu mapigo. Mama mmoja mbele akayadaka kwa makofi, benchi lake likafuata, halafu upande wote wa akina mama. Wasioujua wimbo walikuwa wanaitikia mwisho wa kila mstari.

Ubeti mzima ulikwenda hivyo.

Mzee Urio akasimama. Aligeuka tu akatazama nyuma kwenye mixer, na watu waliokuwa karibu naye nao wakageuka.

Godlisten akapandisha slaidi.

Vyombo vikarudi kwenye spika kwa kishindo, katikati ya mstari, na vikanikuta kwenye neno lilelile, pigo lilelile. Hata nusu pigo sikuwa nimepotea.

Halafu vigelegele. Kutoka ndani vikatoka mpaka kwenye maturubai, kwa watu ambao hawakuona kitu na hawakujua wanashangilia nini.

Nilipomaliza nilikunja waya zangu, nikamfuata palepale alipokaa.

"Waya ulilegea," akasema kabla sijauliza.

"Godlisten. Nilikuwa nakuangalia."

Akainamisha kichwa. Akasema, "Nilitaka watu wajue."

"Wajue nini?"

"Kwamba bila beat hamuwezi. Kila mtu siku hizi anakuja na flash, anajiita mwimbaji. Mimi nimepiga kinanda hapa miaka tisa, wakakiondoa kwa sababu ya hizo flash zenu. Wakaniweka hapa kubonyeza."

Hilo la flash kumng'oa kwenye kinanda sikuwa nalijua, wakuu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yule alikuwa mpiga kinanda wetu. Liliniuma, na bado linaniuma. Lakini nilimjibu nilichokuwa nacho.

"Kinanda chako hakikuondolewa na mimi. Na sasa hivi watu wamejua nini?"

Akageukia mixer yake.

Wiki iliyofuata, alasiri, Mzee Urio alipanda kwetu na Godlisten nyuma yake. Godlisten ndiye aliyeshika jani la isale.

Kwa wasio wa huku: mtu akikujia na isale anaomba msamaha, na kwa Wachagga hilo halikataliwi hivihivi. Mama alipoliona tu akavuta viti nje, akaingia ndani kuleta mtori, supu yetu ya ndizi.

Nikapokea jani kwa mikono miwili. Godlisten akasema, "Nisamehe, nilikukosea mara mbili." Alitamka mwenyewe, mara mbili. Maana yake ule mkono niliomnyooshea siku ya mavuno aliuona.

Nikamwambia nimemsamehe. Na nimemsamehe kweli, sina kinyongo.

Tukala. Mzee Urio akashiba, akajifuta mdomo, akasema kwa upole, "Sasa mwanangu, kwa kuwa yameisha, Jumapili umpe flash kama wengine, turudi kwenye utaratibu."

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Mzee," nikasema, "isale nimepokea. Flash sitoi."

"Hata baada ya hili?"

"Msamaha ni wa moyoni mzee. Kitufe ni cha kazini. Na badala ya kudai flash yangu, mrudishieni huyu kinanda chake."

Mzee Urio alinitazama kama siku ile kihambani. Godlisten alitazama bakuli. Mama akasema watu waongezwe mtori.

Kinanda hakijarudi mpaka leo, kamati bado inajadili. Nimeshalisema kikaoni mara mbili na nitalisema ya tatu. Mimi naendelea kuimba na boksi langu na waya zangu mbili. Tangazo la CD lilibanduliwa, hakuna aliyekiri kulibandua.

Nilichojifunza, kwa ufupi maana nina magauni ya watu hapa.

Usiulize kwanza kifaa gani ni cha bei kubwa au cha kisasa. Uliza kikikatika utajuaje uko wapi kwenye wimbo. Kama jibu ni "sitajua", basi hicho kifaa bado, hata kiwe kinang'aa vipi. Tafuta chenye njia yake ya sikio. Chochote chenye laini ya simu ndani usikipandishe jukwaani. Wimbo wenye sauti yako usitembee nao. Na fanya mazoezi beat ikiwa imezimwa, mpaka uweze kuimba ubeti mzima kavu. Kifaa kizuri hakitakufundisha kuimba, kitakulinda tu usiharibiwe na mtu mwingine.

Na usikubali kuambiwa wewe si mwimbaji na watu ambao hawajawahi kukuletea hata ngoma moja huku juu.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye boksi, wenye laptop, wenye simu, semeni mnatumia nini na kiliwahi kuwafanyia nini. Mafundi mitambo nanyi njooni mjitetee, nitawasoma bila matusi.

Ila wewe unayetaka kuandika kwamba injili ya kweli ni ya bendi, anza kwa kunitajia bendi iliyo tayari kupanda Old Moshi Jumapili hii, mvua ikinyesha. Nitaipikia mimi mwenyewe.